Risasi ni Kitu Gani Hasa?

Desemba iliyopita nilikuwa Sirisia kwa mjomba wangu, pale mvulana wa jirani alipokuja mbio kutoka shambani akipiga ukelele kwamba ameokota risasi. Kina mama waliwavuta watoto wao. Wazee waliinuka vitini. Katika sehemu zile zinazopakana na Mlima Elgon, ambako operesheni ya kijeshi ya mwaka 2008 ingali inakumbukwa, neno hilo halitamkwi kwa mzaha.

Kumbe alichoshika ni ganda tupu, fupi na nene, la aina itumiwayo na rivolva kubwa. Fataki yake ilikuwa na kovu katikati. Ilikwisha kufyatuliwa zamani. Lugha yetu haikuwa imetuambia kama tukimbie au tucheke.

Nilipokuwa Marekani nikisomea shahada ya uzamifu, jirani yangu mmoja alikuwa na rivolva ya .44 Magnum, bastola iliyotoka katikati ya miaka ya 1950, na risasi zake akizitengeneza mwenyewe mezani. Aliokota maganda yaliyotumika, akayasafisha, akatoa fataki kuukuu na kutia mpya, akapima baruti kwa mizani ndogo, kisha akamulika kila ganda kwa taa kabla ya kupachika kichwa cha risasi, maana baruti ikitiwa mara mbili silinda yaweza kupasuka mkononi. Kila kipande kilikuwa na jina lake, nami nilipochanganya majina alinikemea kama mwalimu wa chuoni.

Msomaji atasema Kiswahili ni maskini wa maneno hayo. La hasha! Waliotumia gobore walikuwa na baruti, fataki na marisaa. Walikuwa na mdeki wa kushindilia, na hadi leo kushindilia ni kujaza bunduki. (Fataki, maskini, huko Tanzania limegeuka jina la mzee anayewinda wasichana wadogo.) Aliyejijazia silaha yake hakuweza kuita vyote kwa jina moja. Zilipokuja risasi zilizokamilika kutoka viwandani, neno risasi, ambalo kwa Kiarabu asili yake ni madini tu, lilimeza ganda, baruti na fataki. Hata kiwanda cha Eldoret twakiita cha risasi, basi.

Hapa petu silaha zina historia ndefu ya kugombewa. Katika vita vya mwaka 1895, Wabukusu walipopigana na Waingereza huko Lumboka na Chetambe, mojawapo ya chanzo kilikuwa bunduki zilizoingia mikononi mwa wenyeji na kutakiwa zirudishwe. Siku hizi, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki bunduki au risasi bila cheti ni kosa. Basi shahidi akisema mahakamani, "Nilimkuta na risasi," mkalimani atafsiri nini? Iliyo nzima? Kichwa kilichochomolewa ukutani? Ganda kama lile la mvulana? Mtu aweza kulala rumande kwa sababu ya nomino.

Mjomba aliniomba niandike barua ya kulipeleka ganda lile kwa chifu. Nikaandika: "ganda tupu la risasi ya rivolva, lililokwisha kufyatuliwa." Akaisoma mara mbili.

"Mwipwa wangu, mbona maneno mengi hivyo?"

Nikamwambia asipunguze hata moja.