Usafi wa Hospitali Hauishii Kwenye Sakafu

Tunaposikia usafi wa hospitali tunafikiria sakafu, mashuka na mikono. Ni sawa. Lakini kuna uchafu mwingine usioonekana kwa macho, nao huua: mkubwa wa kazi kumtisha aliye chini yake asiseme aliloliona.

Chukua mfano wa Uingereza. Mwaka 1988 Dk. Stephen Bolsin, mtaalamu wa dawa za usingizi, alianza kazi katika hospitali ya Bristol Royal Infirmary. Akaona upasuaji wa moyo kwa watoto unachukua muda mrefu mno na vifo ni vingi. Mwaka 1990 alimwandikia mkurugenzi mkuu. Hakusikilizwa. Akaendelea kukusanya takwimu, na upasuaji nao ukaendelea hadi mwaka 1995. Mwaka uliofuata alihamia Australia.

Mwaka 1998 baraza la madaktari la huko liliwatia hatiani madaktari watatu, akiwemo mkurugenzi huyo. Wawili walifutwa kwenye daftari. Tume iliyoongozwa na Ian Kennedy ilikadiria mwaka 2001 kuwa, kati ya 1991 na 1995, watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofariki walizidi kiwango cha kawaida kwa 30 hadi 35. Hiyo ndiyo gharama ya kuziba masikio.

Tufanye nini? Kwanza, mwenye lalamiko aandike tarehe, saa, kilichotokea na nani alikuwepo. Lalamiko lisilo na ushahidi hugeuka umbeya.

Pili, kiongozi asikilize pande zote mbili kabla ya kuhukumu, kisha atoe jibu. Asimlipizie kisasi mlalamikaji kwa kumbadilishia zamu au kumtenga.

Tatu, tutofautishe. Kumrekebisha muuguzi faraghani ni kumfundisha. Kumfokea mbele ya wagonjwa ni dhulma. Aliyefokewa leo kesho ataogopa kuuliza kipimo cha dawa, na atakayeumia ni mgonjwa.

Nne, nanyi wenye wagonjwa mna haki. Anzeni kwa mganga mfawidhi wa kituo. Msiporidhika, hapa Tanzania lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Matusi na ngumi si malalamiko.

Mgonjwa ni amana. Anayesema ukweli ili kumlinda asifanywe adui.