Chensoo ya Petroli na ya Betri: Hesabu za Mkazi wa Mwimbi

Lita moja ya petroli imebeba nishati inayokaribia uniti 9 za Luku. Betri ya chensoo yenye volti 36 na ampea-saa 5 imebeba wati-saa 180, yaani haifiki hata moja ya tano ya uniti moja. Kwa namba hizo peke yake mtu angefunga mjadala na kwenda zake kituo cha mafuta.

Ila injini ndogo ya kuchanganya oili na petroli ni mlafi. Sehemu kubwa ya mafuta hugeuka joto na moshi, na kiasi fulani hutoka kwenye ekzosi bila hata kuungua. Kinachofika kwenye meno ya mnyororo ni kama moja ya tano tu ya kile ulichonunua, mara nyingi pungufu. Mota ya umeme hufikisha asilimia 80 au zaidi. Ukipiga hesabu upya, kazi ya lita moja ya petroli ni sawa na ya betri 9 hadi 12. Kuzijaza zote kunakula uniti zipatazo mbili au mbili na nusu. Kwa mwananchi aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo haifiki shilingi 350. Lita ya petroli kwa miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye shilingi 3,000, na oili bado hujaiweka.

Upande wa bei ya nishati, basi, umeme umeshinda kwa mbali. Lakini anayeishi Mwimbi, wilaya ya Kalambo, hanunui nishati kwenye karatasi. Anataka kujua ataipata kwa nani, siku gani, na kikiharibika kitu atamfuata nani. Uhuru wa maisha ya kijijini ndio huo hasa, kufanya kazi yako siku uliyoipanga bila kusubiri mtu. Kila moja ya mashine hizi mbili inakuondolea mtu mmoja wa kumsubiri na kukuletea mwingine.

Wengi hudhani chensoo ya umeme ni uvumbuzi wa juzi. Mjerumani Andreas Stihl alianza na ya umeme mwaka 1926, ikivuta waya, ikishikwa na watu wawili. Ya petroli aliitoa mwaka 1929. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: waya haukuweza kuingia msituni. Petroli ndiyo iliyomfungua mkata miti kutoka kwenye soketi, na kwa karibu karne nzima hakuna aliyetamani kurudi.

Kwanza tuangalie kinachokatwa. Uwanda wetu wa Ufipa umejaa nyasi kuliko miti, na haukuwa hivyo jana. Wafipa walifua chuma kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizokula makaa kwa wingi. Ukiongeza moto wa kila kiangazi na karne za kilimo, unaelewa kwa nini uwanda ukabaki mtupu. Walichofanya wazee kinanivutia hadi leo. Wabemba, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, walikata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Wafipa, bila miti ya kutosha, walifukia nyasi ndani ya matuta ya ntumba zikaoza humo. Kilimo hicho hakikuhitaji shoka.

Kwa hiyo chensoo ya Mwimbi ya leo haikutani sana na mti wa asili mnene. Kazi yake kubwa ni mikaratusi na misindano iliyopandwa na watu wenyewe: nguzo, kuni za tanuri la matofali, mbao za kenchi. Miti mingi haizidi unene wa ndoo. Hilo linabadilisha hesabu, kwa sababu mashine kubwa ambazo mafundi wetu wanazihusudu, kama Stihl 070 ya takriban cc 106 na uzito unaozidi kilo 10, zilibuniwa kwa magogo ya aina nyingine kabisa.

Sasa petroli. Faida yake ya kwanza ni kwamba ipo. Bodaboda zinaitumia, kwa hiyo kijiji chenye pikipiki kina petroli, hata kama ni ya chupa kando ya barabara. Faida ya pili, ambayo wauzaji wa betri huisahau, ni fundi. Kijana yeyote aliyewahi kufungua kabureta ya pikipiki anaweza kufungua ya chensoo. Plagi, kamba ya kuwashia na chujio la hewa utavipata Sumbawanga mjini bila kuagiza Dar es Salaam.

Adui yake ni mchanganyiko. Mashine nyingi za kisasa zinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 100 za oili kwenye dumu la lita 5. Fundi anayekisia kwa rangi huwa anakosea pande zote mbili: oili ikizidi plagi inajaa masizi, ikipungua injini inanoki mchana huohuo. Tena si kila petroli ni petroli. EWURA, mdhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa umekithiri. Chupa ya kando ya barabara haina wa kuipima. Na mchanganyiko uliokaa miezi miwili ghalani huacha utando kwenye kabureta, kisha mwenye mashine anavuta kamba hadi bega linamuuma.

Kuna jambo jingine ambalo kijitabu cha mashine hulitaja kwa mstari mmoja, nasi tunaoishi juu tungepaswa kulisoma mara mbili. Uwanda wetu uko kati ya mita 1,500 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Chensoo iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huku inakuwa imepungukiwa asilimia 15 au zaidi, na kwa kuwa hewa ni kidogo, petroli inazidi: moshi mweusi, plagi nyeusi, mnyororo mzito. Dawa ni kukaza kidogo skrubu mbili za kabureta zenye alama H na L. Sasa chukua mashine hiyohiyo iliyokazwa, iteremshe Kasanga kwenye ziwa, karibu mita 770 tu. Kule hewa ni nzito, petroli inakuwa haba kwa hewa iliyopo, na haba ya petroli ni haba ya oili pia. Pistoni inaungua. Mwenye mashine anamlaumu aliyemuuzia, kumbe ni mteremko. Mota ya umeme haina habari na mambo haya. Kasanga na milima ya Mbizi kwake ni sawa.

Hapo ndipo betri inaanza kuvutia. Haina kabureta wala plagi, haihitaji kuchanganywa na chochote, na inawaka kwa kubonyeza. Mjane mwenye ekari moja ya mikaratusi anaweza kuipogoa mwenyewe bila kumbembeleza kijana wa kuvuta kamba, na huo ni uhuru wa kweli ambao wanaume wenye mabega mapana huudharau. Kwa kupogoa, kukata fito, kukata kuni za nyumbani, betri mbili zinazopokezana zinatosha asubuhi nzima.

Tatizo linaanza kwenye soketi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umezisogeza nguzo hadi vijiji vingi, na ada ya kuunganishiwa kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Lakini kwa miaka mingi Rukwa ilikuwa nje ya gridi ya Taifa. Sumbawanga iliendeshwa kwa umeme wa kununua Zambia na majenereta ya dizeli. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ile ya mradi wa TAZA wa kuunganisha Tanzania na Zambia, ilikusudiwa kuondoa hali hiyo. Ukame wa 2024 ulivyolishusha bwawa la Kariba na kuwaweka Wazambia gizani saa nyingi kwa siku, ilionekana wazi kwamba umeme wa jirani unategemea mvua ya jirani. Zaidi ya kukatika kuna kupanda na kushuka. Chaja ni kifaa cha elektroniki, na volti zikirudi kwa kishindo ndiyo inayotangulia kufa. Mwenye chaja asiyeweka kilinda umeme amenunua nusu ya mashine.

Sola je? Paneli ya wati 200 kwa jua la saa tano hutoa kama uniti moja. Ukitoa upotevu wa betri ya nyumbani na inveta, unabaki na ya kujaza betri tatu au nne za chensoo. Kiangazi hilo linafaa sana. Masika, wingu likikaa siku tatu, familia inachagua kati ya msumeno na taa.

Kisha kuna umri. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala kabatini. Ukiitunza vizuri, yaani usiiache ikiwa imejaa pomoni au tupu kabisa kwa miezi, usiichaji ikiwa bado ya moto, itavumilia kuchajiwa mara mia kadhaa, pengine elfu. Ikifa, betri ya kampuni nyingine haiingii. Kigali na Nairobi bodaboda za umeme zimeweza kusimama kwa sababu kuna vituo vya kubadilishia betri. Kampuni inabeba mzigo wa betri kuzeeka, dereva anabeba abiria. Chensoo haina mtandao wa namna hiyo, na huku Kalambo hata duka la kuagizia liko mbali. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kizuizi kikubwa kuliko kukatika kwa umeme.

Usitishwe pia na habari za Ulaya na Marekani kwamba petroli imepigwa marufuku. California ilitunga sheria mwaka 2021 na kuanzia 2024 injini ndogo mpya za bustani zikabanwa. Chensoo za cc 45 kwenda juu, zile za kazi nzito, hazikuguswa.

Kupasua mbao nimekuweka pembeni makusudi. Kupasua gogo kwa urefu kunakula nguvu bila kupumzika. Betri inapata joto na kujizima kabla hata ubao wa pili haujadondoka. Petroli inaweza, ila tazama inachokula. Mnyororo unapita na upana wa milimita 8 hadi 10. Ukipasua mbao za milimita 25, robo ya gogo inakwenda na unga. Msumeno wa mkono wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa na mwingine chini, hupita na milimita 3 au 4. Ni wa polepole, unachosha, na unakuachia mbao nyingi zaidi.

Upande wa usalama, petroli inapiga kelele za desibeli zaidi ya 100 sikioni mwa mkataji, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini wanakiruhusu kwa dakika 15 tu kwa siku bila kinga. Ya betri iko karibu na 90, kwa hiyo kinga masikioni bado. Na ukimya wake una hatari yake: inakaa kimya mezani, mtoto anabonyeza. Chomoa betri kabla ya kugusa mnyororo, hata kama ni kufuta vumbi.

Kelele ya petroli ina kazi nyingine vijijini. Kamati ya maliasili ya kijiji haina gari wala ndege, ina masikio. Chensoo ikilia bondeni usiku, watu wanajua. Duniani kuna mitambo inayofungwa juu ya miti kazi yake kusikiliza mlio huo tu na kutuma taarifa. Msumeno wa betri unaweza kuangusha mninga umbali mfupi tu kutoka nyumba ya mwenyekiti asisikie. Sijasikia mjadala wa jambo hili kwetu, na nadhani unapaswa kuanza kabla bei hazijashuka. Sheria ya Misitu ya 2002 haitofautishi msumeno unaolia na usiolia: mti wa aina iliyohifadhiwa unahitaji kibali hata ukiwa shambani kwako, na mzigo barabarani unahitaji hati ya kusafirishia. Kabla hujanunua mashine yoyote, pita ofisi ya misitu ya wilaya, Matai, uulize wanataka nini kwa mmiliki.

Kwa mwenye ekari mbili tatu za mikaratusi anayekata mara moja kwa mwaka, ningemwambia asinunue chochote. Akodi fundi na mashine yake. Kikundi cha wapanda miti kinachouza nguzo kinunue ya petroli ya cc 50 hadi 60, si zaidi, na mtu mmoja tu awe na ufunguo wa dumu la mchanganyiko. Ya betri naiona kwenye shule, zahanati, parokia na kwa mama mwenye umeme wa uhakika na miti ya kupogoa, mradi akiulizia bei aulize ya mashine yenye betri mbili, kwa sababu yenye betri moja haimalizi hata asubuhi ya kazi.

Na wote wanunue tupa. Mnyororo wa mashine ndogo ya betri kwa kawaida hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4, zile kubwa 5.2 au 5.5. Jino kali hutoa vipande vyenye umbo. Likianza kutoa unga, umeshaanza kulipia petroli au betri ya bure.