Kupandia, Kushukia na Kukwea

Katika tafsiri za maelezo ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, mara nyingi twakuta "njia ya kupanda" ikitumiwa kwa kila njia iendayo mlimani. Hapo mpangaji wa safari hupotoshwa. Twapendekeza "njia ya kupandia" na "njia ya kushukia", maana njia ya Mweka ni ya kushukia tu, ilhali ya Marangu ni ya yote mawili. "Kukwea" kuachiwe majabali, mfano ukuta wa Breach, walioukwea Reinhold Messner na Konrad Renzler mwaka 1978. Penye ubishi ni genge la Barranco: kamba haihitajiki, lakini mikono husaidia miguu. Sisi twaona napo paandikwe "kukwea", mgeni asije akadhani ni kutembea tu.