Reli Yetu ya Nyumbani na Namna ya Kuitunza

Wengi kati yetu hapa Lulimba hatujaona treni kwa macho. Tunajua malori ya barabara ya Kalemie, yale yanayolala katika matope wakati wa mvua. Lakini ukifika Kalemie yenyewe utakuta reli. Inatoka Kabalo, kilomita 273, nayo ilifika ziwani mwaka 1915. Sisi ndugu watatu tumejenga ndogo yake nyuma ya nyumba, kuzunguka mwembe. Leo tunapenda kueleza kazi yake, sababu wengi wanauliza, na wengine wanacheka eti mkubwa wa mwaka wa mwisho bado anacheza na watoto.

Jambo la kwanza ni upana. Reli ya Kalemie ina milimita 1067 kati ya chuma na chuma. Tuligawanya kwa 20, tukapata 53. Kwa kipimo hicho, kwenda mpaka Kabalo kungetaka njia ya mita 13650, na mianzi mara mbili ya hapo, kwani reli ni mbili! Tumetosheka na mita 9.

Msidhani milimita chache si kitu. Ng'ambo ya ziwa, reli ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa mita moja. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la kule haliwezi kutembea huku. Hata ya Kalemie ilianza na mita moja, ikapanuliwa katika miaka ya 1950 ili iungane na ya Katanga.

Reli zetu ni fito za mwanzi, mabehewa ni makopo ya sardini. Gurudumu ni kifuniko cha chupa, na nyuma yake kipande cha bati kilicho kikubwa kidogo: hicho ndicho kinazuia treni isitoke njiani. Kichwa cha treni kina mota ya radio ya kaseti iliyokufa na mawe mawili ya tochi. Mawe ni ghali, basi siku nyingi tunavuta kwa kamba, na wadogo wanapiga honi kwa mdomo. Furaha ni ile ile.

Sasa matunzo, na hapa hapana mchezo. Mataruma yetu ya kwanza yaliliwa na mchwa kwa mwezi mmoja. Kumbe hata reli kubwa za Afrika ziliogopa mchwa, ndiyo maana sehemu nyingi waliweka mataruma ya chuma. Sisi tunapaka mafuta machafu ya gari. Chini tunamwaga kokoto, maji yapite, mwanzi usivimbe. Mbuzi tunawafukuza, basi.

Tena tuko na kijiti kilichokatwa milimita 53 kamili. Kila Jumamosi mmoja anakipitisha njia nzima. Kikikaza, tunapanua, kikilegea, tunagonga msumari. Kwenye kona tu tunaacha nafasi ya milimita moja au mbili zaidi, sababu magurudumu yanabana pale.

Mwaka jana, wakati wa mitihani, tuliacha kupima majuma matatu. Mvua ikanyesha, kona ya karibu na mtaro ikafunguka. Treni ikaanguka majini na mota ikaungua. Tulimgombeza mdogo wetu wa miaka tisa kwamba ameendesha mbio, akalia. Baadaye tukachukua kijiti, tukapima: milimita 61. Kosa lilikuwa letu wakubwa, ikabidi tumwombe msamaha mbele ya mama.

Tangu siku ile kijiti kinakaa kwake. Mwaka huu baada ya Mtihani wa Serikali tutaondoka nyumbani, na tayari ametuambia tusiguse reli bila yeye kupima kwanza. Anayetaka kuona aje Jumamosi baada ya kazi za mikono. Akija na vifuniko vya chupa, tutashukuru.