Minyoo ya Mbwa na Paka Isiwaguse Watoto

Ndugu wanavikundi, tukitembelea vijiji vya Ganda, Msabaha hadi Takaungu, mara nyingi tunakuta mbwa amelala mchangani chini ya mkorosho, na papo hapo watoto wanacheza miguu peku. Mchanga huo ndio tunaotaka kuuzungumzia leo.

Mbwa na paka wana safura yao, minyoo inayonyonya damu utumboni. Mayai hutoka na kinyesi. Yakipata mchanga wa kivuli wenye unyevu huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya wiki hivi vijidudu huwa tayari kupenya ngozi. Mtoto akivikanyaga hutokewa na mstari mwekundu unaojipindapinda, unawasha mpaka halali. Huo si uchawi jamani! Usimchome sindano wala kummwagia mafuta ya moto. Mpeleke zahanati, dawa ipo.

Wengine watasema, "Si watoto wetu walipewa dawa ya minyoo shuleni?" Kweli, kuanzia 2012 mpango wa taifa ulifika shule za Pwani. Lakini dawa ile humtibu mtoto, mbwa anabaki na minyoo yake na kuchafua mchanga uleule.

Utamjuaje? Mtoto wa mbwa huwa na tumbo kama ngoma huku mbavu zahesabika, na pengine hutapika minyoo kama tambi. Mfunue mdomo: ufizi ukiwa mweupe damu imepungua, usingoje kesho. Ukiona punje kama za mchele chini ya mkia, hiyo ni tegu. Tegu huletwa na viroboto, basi usipoua viroboto itarudi.

Watoto wa mbwa huambukizwa tumboni mwa mama na kwa maziwa yake. Kwa hiyo waanze dawa wakiwa na wiki 2, warudie kila wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mama naye apewe. Mbwa mkubwa, kila miezi 3. Dawa hupimwa kwa uzito, kwa hiyo muulizeni daktari wa mifugo. Dawa ya mbuzi msimkadirie mbwa kwa macho, nyingine humuua.

Kinyesi kizolewe kila siku, kifukiwe mbali na kisima. Matumbo mabichi ya machinjoni msiwatupie. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kikundi kichange pesa ya dawa ya minyoo mapema, daktari awape wote pamoja. Na yule mbwa wa sokoni asiye na mwenyewe? Mlipieni kwenye mfuko wa kikundi, kidonge mkifiche ndani ya ugali na dagaa.