Punda akiacha kuchechemea, hajapona

Hapa Tarakea, mpakani mwa Tanzania na Kenya, punda wangu alivimba kifundo cha mguu. Nilimpa fenilibutazoni, dawa itumikayo sana kwa farasi. Kesho yake hakuchechemea, nikampakia magunia ya mahindi. Jioni alishindwa kusimama.

Daktari wa mifugo alinifafanulia: dawa hupunguza uvimbe na maumivu, lakini haiungi kano iliyochanika. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimzuia kuukanyagia mguu mbovu. Ikizidishwa, huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Tena nyama ya mnyama aliyepewa dawa hiyo haifai kuliwa na binadamu.

Ndugu mfanyabiashara, kipimo muulize daktari, na mzigo uweke chini kwanza. Mimi nilipoteza msimu mzima.