Kichwa Kisichopoa

Mwenzetu mwenye virusi vya ukimwi akiumwa na kichwa wiki mbili, na dawa za maumivu hazisaidii, tusiseme tu ni malaria ama amerogwa. Huenda ni kuvu ubongoni. Kuvu hii, kriptokoka, hukaa udongoni na kwenye mavi ya njiwa; twaivuta kwa pumzi, na mwili wenye kinga huishinda. Mgonjwa hamwambukizi mtu, kwa hivyo mlisheni na kumwosha bila woga.

Hospitalini watapima damu, kisha watoe maji kidogo mgongoni kwa sindano. Hapo ndipo jamaa wengi hukataa, ati sindano inaua. Sivyo! Kinachoua ni ugonjwa wenyewe, hasa mtu akifikishwa kama amechelewa. Tena kutoa maji hayo hushusha presha kichwani, na huenda ikabidi kurudiwa.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi moja ya mshipani ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Flukonazoli huendelea miezi mingi, hata akijisikia mzima. Na kama hajaanza dawa za ukimwi, asiharakishwe: daktari hungoja wiki 4 hadi 6.